Tuzo ya mchezaji bora wa raga duniani: mapropu wamekosa nini tangu 2001?

Mwana Mikindani (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Najua jukwaa hili ni la Simba na Yanga, ila huku Mtwara tupo wachache tunaofuatilia raga, na kila tukikutana kibandani Magomeni ubishi ni ule ule mpaka mwenye banda anatishia kuzima king'amuzi. Nimeona niulete hapa.

Hoja yangu fupi. Tuzo ya World Rugby ya mchezaji bora wa mwaka kwa wanaume inatolewa kwa namba ya mgongoni. Ukivaa namba fulani uko kwenye foleni. Ukivaa nyingine, hata ubomoe ukuta kwa kichwa, hupewi.

Tuhesabu. Ilianza 2001 kwa Keith Wood wa Ireland, 2025 akachukua Malcolm Marx wa Afrika Kusini, na 2020 haikutolewa. Jumla 24. Flanka, wale wa namba 6 na 7, wamebeba 8: Schalk Burger, Richie McCaw mara tatu, Thierry Dusautoir, Josh van der Flier, Pieter-Steph du Toit mara mbili. Namba 10 wamebeba 7: Jonny Wilkinson, Dan Carter mara tatu, Beauden Barrett mara mbili, Johnny Sexton. Hapo 15 zimeshaondoka kwa nafasi mbili tu. Tisa zilizobaki wamegawana wengine: namba 8 wawili (Kieran Read na Ardie Savea), namba 9 wawili (Fabien Galthié na Antoine Dupont), mawinga wawili (Bryan Habana 2007, Shane Williams 2008), huka wawili, yaani namba 2 (Wood na Marx), na loki mmoja, wale wa namba 4 na 5, Brodie Retallick 2014.

Namba 1 na namba 3, yaani mapropu, wanaosimama pande mbili za huka kwenye skramu (pale mafowadi wanane kila upande wanaposukumana), hawamo. Hata mmoja. Namba 12, 13 na 15 nao hawamo, ila kilio changu leo ni cha mapropu.

Mnaikumbuka nusu fainali ya Kombe la Dunia 2023, Afrika Kusini na England? Saa nne usiku kwa saa zetu, mvua inanyesha Paris, England wanaongoza 15-6, watu kibandani wameshaanza kutafuta kandambili zao. Akaingia Ox Nché, propu wa akiba. Skramu ya England ikaanza kurudi nyuma. RG Snyman akafunga trai, yaani kuuweka mpira chini ndani ya eneo la wapinzani, ikawa 15-13. Dakika za lala salama Nché akamkunja propu wa England, Kyle Sinckler, kwenye skramu, refa akapuliza penalti. Handré Pollard akapiga kutoka karibu na katikati ya uwanja, 16-15, mchezo umekwisha. Kesho yake picha ya nani ilikuwa kila mahali? Ya Pollard. Aliyeitafuta ile penalti kwa shingo yake hakuna aliyemuuliza.

2025 Nché kaingia kwenye wanne wa mwisho, pamoja na Marx, du Toit na winga wa Ufaransa Louis Bielle-Biarrey. Kakosa. Karibuni kwa nondo. Matusi pelekeni jukwaa la siasa.

Korosho Ghafi

Siti ya mbele. Nimekuja na ming'oko yangu na chumvi.

Bibo Kavu

Mleta uzi, hesabu zako sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni unachotaka zikuthibitishie.

Propu wa siku hizi anacheza dakika 50, akijitahidi sana 60, anatoka anavaa koti anakaa. Mechi inaamuliwa yeye anakunywa maji. Utampaje tuzo ya dunia mtu anayecheza nusu mechi? Halafu namba 10 anagusa mpira karibu kila shambulizi, anapiga penalti, anapanga mchezo. Flanka anaangusha watu kuanzia dakika ya kwanza mpaka ya 80. Du Toit fainali ya 2023 aliangusha watu mara 28. Ishirini na nane! Dhidi ya New Zealand. Huyo usimpe?

Hata kwenye mpira wetu ni hivyo hivyo. Ballon d'Or golikipa aliyewahi kuipata ni Lev Yashin peke yake, 1963. Beki wa mwisho ni Fabio Cannavaro 2006. Hakuna aliyeandika uzi wa kuwalilia makipa.

Na kwa taarifa yako aliyedhulumiwa 2025 ni Bielle-Biarrey. Trai 8 katika Mataifa Sita, yale mashindano ya Ulaya, amefunga kila mechi. Kila mechi, mkuu.

Mwana Mikindani

Bibo Kavu kasema: "Utampaje tuzo ya dunia mtu anayecheza nusu mechi?"

Sasa hapo umejifunga mwenyewe. Marx aliyeichukua 2025, fainali ya Kombe la Dunia 2019 alianzia benchi. Afrika Kusini wamejenga mfumo mzima juu ya wale jamaa wanaoingia kipindi cha pili, lile benchi wanaloliita Bomb Squad. Fainali ya 2023 walipanga mafowadi (namba 1 hadi 8) saba na beki (namba 9 hadi 15) mmoja tu kwenye wachezaji nane wa akiba. Kwao dakika 30 za mwisho ndizo mechi yenyewe. Kama ni hivyo, anayeingia dakika ya 50 akageuza mechi ana haki kuliko aliyecheza 80 akipigwa.

Na makipa tunawalilia kila siku, ila wewe ukiona neno golikipa unapita.

Dada wa Ligula

Nyie kaka zangu mnahesabu kama vile raga ni ya wanaume peke yao. Mleta uzi kaandika "kwa wanaume" mstari mmoja kisha kasahau kabisa.

Upande wa wanawake zile nafasi unazosema zimesahaulika zimeshapata. Emily Scarratt wa England, aliyecheza katikati (namba 12 na 13), alichukua 2019. Ellie Kildunne, namba 15, akachukua 2024. Na 2025 kachukua Sophie de Goede wa Canada, na huyo ndiye ninayetaka mumtazame, maana anavunja hoja zenu zote mbili. Ni loki. Anasukuma skramu, anarukia mipira ya kurushwa pembeni, halafu akishamaliza hizo kazi chafu anaweka mpira chini anapiga mikwaju ya goli. Kwa wanaume ukimwona loki anapiga mkwaju wa goli ujue wamebaki wawili uwanjani.

Canada walifungwa fainali na England 33-13 pale Twickenham, watu 81,885 uwanjani, na bado jopo likampa yeye aliyefungwa. Kwa hiyo msiseme jopo linafuata kombe tu.

Kwenye mapropu niko na Mwana Mikindani. Kazi ambayo haionekani kwenye televisheni haipati kura.

Korosho Ghafi

Dada kaja na nyundo. Haya wanaume jibuni.

Mzee wa Nachingwea

Vijana, mnazozana vizuri, ila mmeshika mkia mkaacha ng'ombe. Tuzo hii inalipa fomu ya mwaka mmoja. Haiulizi mtu alikuwa nani miaka kumi. Eben Etzebeth, loki, ndiye Mspringboki (mchezaji wa Afrika Kusini) aliyecheza mechi nyingi kuliko wote, 2023 aliingia kwenye wanne wa mwisho, 2024 akaingia tena, hajaipata. Jonah Lomu, winga wa New Zealand, hakuipata kwa sababu tuzo ilianza 2001 wakati ubora wake ulishapita. Yule mtu mwaka 1999 alifunga trai 8 kwenye Kombe la Dunia moja, na Habana aliyekuja kumfikia 2007 akapewa tuzo mwaka huo huo. Kazi ile ile, kalenda tofauti.

Na propu aliyeonekana yupo. Tendai Mtawarira, mzaliwa wa Harare. Mwaka 2009 British and Irish Lions, timu ya pamoja ya Uingereza na Ireland, walikuja Durban, siku ile alimfanya propu wao Phil Vickery aonekane hajawahi kuingia kwenye skramu maishani. Wakampa mchezaji bora wa mechi, propu, mbele ya macho yetu. Na fainali ya 2019 huyo huyo akaenda kumtesa Dan Cole, propu wa England. Mechi 117 kaichezea Afrika Kusini akastaafu na kombe mkononi. Kwa hiyo ile ya mechi moja propu anapata. Ya mwaka hapati, kwa sababu mwaka unahesabiwa kwa vipande vya video, na skramu kwenye video ni matako ya watu 16.

Samahani kwa lugha, wajukuu.

Bibo Kavu

😂😂😂 Mzee umenimaliza.

Baharia wa Kilwa

Mimi naona mleta uzi kakosea kuanza na namba, maana watu wenyewe hawakai kwenye namba moja. Du Toit alianza akiwa loki, wakamhamishia namba 7, ndiyo akapata zote mbili, 2019 na 2024. Angebaki loki angepata? Savea anacheza 7 anacheza 8. Barrett tuzo zake mbili alizipata akiwa namba 10, halafu New Zealand wakamsogeza 15 kumpisha Richie Mo'unga, na tangu asogezwe hajaiona tena. Hapo ndipo swali lilipo: nafasi bora ya mtu ni ile timu inayomhitaji, au ile inayomtoa yeye?

Mfano wa sasa ni Sacha Feinberg-Mngomezulu. Septemba 2025 Durban dhidi ya Argentina kafunga pointi 37 peke yake, trai tatu ndani yake, rekodi ya Afrika Kusini kwa mechi moja. Matokeo 67-30. Akiwa namba 10. Lakini kijana anacheza 12, anacheza 15, na kila mtu ana maoni. Mimi nasema wamwache 10 asiguswe. Mchezaji mwenye miguu ile ukimpeleka nyuma kabisa unamfanya asubiri mpira umfuate. Pale 10 yeye ndiye anayeamua mpira uende wapi.

Bibo Kavu

Naunga mkono kwa nusu. Siku anayopatia ni yeye na dunia nzima iko nyuma. Siku anayokosea anataka kufunga kila mpira. Ukiwa unaongoza kwa pointi tatu na dakika zimebaki tano unamtaka Pollard, mtu baridi, anapiga mpira nje tunakwenda kulala. Fomu ya kijana ni ya kupanda na kushuka kama bei ya korosho mnadani.

Baharia wa Kilwa

Bei ya korosho ikipanda mbona mnashangilia?

Mwana Mikindani

Turudi kwenye nafasi, maana Baharia kafungua mlango mzuri. Mnakumbuka kilichomtokea Marx mwenyewe 2023? Aliumia goti mazoezini baada ya mechi ya kwanza ya Kombe la Dunia. Huka. Badala ya kuita huka mwingine, Afrika Kusini wakamwita nani? Pollard. Namba 10. Watu walisema wamechanganyikiwa. Wakabaki na huka mmoja halisi, Bongi Mbonambi, na flanka mmoja mzee aliyewahi kucheza huka huko nyuma, Deon Fourie.

Fainali inaanza, hata jasho halijatoka, Mbonambi kaumia katolewa. Fourie, miaka 37, akacheza huka karibu mechi nzima dhidi ya New Zealand. Kurusha mpira wa pembeni ikawa shida, mipira kadhaa ikaenda kwa wapinzani. Lakini akaendelea kuangusha watu na kuiba mipira chini kama flanka alivyozoea. Wakashinda 12-11, na pointi zote 12 ni za mikwaju ya Pollard.

Sasa niambieni: Fourie alicheza vizuri au vibaya? Ukimpima kama huka, alipata tabu. Ukimpima kama mtu aliyezuia jahazi lisizame, hakuna aliyemzidi usiku ule. Hakuna jopo lenye kipimo cha mtu kama huyo.

Mzee wa Nachingwea

Kipimo kipo. Kinaitwa medali.

Msomi wa Newala

Nimechelewa, mtandao huku ukitaka unakuja. Niseme la raga ya wachezaji saba, maana naona mmeiacha. Nilisoma Nairobi, Jumamosi zangu zote ziliishia uwanja wa raga wa RFUEA pale Barabara ya Ngong, na kama hujawahi kukaa jukwaani Safari Sevens hujui kelele ni nini.

Kenya 2016 walichukua mashindano ya Singapore kwa kumfunga Fiji 30-7 kwenye fainali. Fiji! Collins Injera mwaka ule ule akawa kinara wa trai wa muda wote katika mfululizo wa dunia mpaka wengine walipokuja kumpita. Na hakuna Mkenya aliyewahi kupewa tuzo ya mchezaji bora wa dunia wa saba. Halafu 2024 akatoka Dupont kwenye raga ya 15, akaingia saba mwaka huo huo, akachukua dhahabu ya Olimpiki Paris, Ufaransa 28 Fiji 7, na tuzo akapewa. Injera alimwaga jasho miaka mingi, Dupont aliingia mlango wa mbele.

Siwezi kukataa kwamba Dupont ni mchezaji wa ajabu. Fainali ile aliingia kipindi cha pili akafunga trai mbili. Lakini kama Mzee alivyosema, wanalipa kipande cha video. Na kipande kikiwa cha Olimpiki, nyumbani kwao, na jina lenyewe Dupont, nani atakumbuka mtu aliyekuwa anakimbia Hong Kong na Dubai kila mwaka?

Dada wa Ligula

Msomi, hapo kwenye Injera umenigusa. Ila tuzo ni ya mwaka. Mwaka 2024 nani mwingine alishinda Olimpiki kwa kutoka benchi? Hata mimi ningempigia kura.

Msomi wa Newala

Ndiyo maana sisemi kaiba dada. Nasema kapita foleni.

Mwalimu wa Shangani

Wakuu, nimesoma kurasa zote. Mimi niwarudishe chini kidogo, mchangani.

Nafundisha sekondari hapa mjini, na jioni maji yakipwa nakuwa na vijana ufukweni Shangani tunacheza raga ya kugusa. Hakuna kuangushana, hakuna skramu ya kweli, mchanga wenyewe una mawe na vipande vya chupa. Lakini mafowadi nawafundisha mkao, kwa sababu siku wakienda Dar au Arusha wakakutana na skramu halisi shingo ndiyo inayoumia kwanza. Na hata huko, vijana chini ya miaka 19 sheria haiwaruhusu kusukumana zaidi ya mita moja na nusu.

Nina kijana mmoja wa Chikongola, mkubwa wa mwili, msimu wa korosho anabeba magunia ghalani. Mtazameni akiingia chini ya gunia: miguu anaipanua, magoti anayakunja, mgongo umenyooka, kidevu kiko juu, hainuki mpaka gunia limekaa sawa kwenye bega, kisha anasukuma kwa mapaja. Hajafundishwa na mtu. Ndio mkao wa propu kabisa. Wenzake wa umri ule nikiwaambia "chuchumaa, shika, ingia", wanaingia mgongo umepinda kama upinde na kichwa kimeangalia chini, na hapo ndipo watu wanapovunjika.

Namba 3 ndiyo ngumu zaidi. Namba 1 bega lake moja liko nje, anapumua. Namba 3 kichwa kinaingia katikati ya namba 1 na namba 2 wa upande wa pili, anabebeshwa watu wawili. Huyu kijana ningekuwa na uwanja wa nyasi ningemfanya namba 3 kesho asubuhi.

Yeye anataka namba 8. Kisa? Namba 8 anatoka na mpira nyuma ya skramu, anakimbia, dada zake wanamwona. Na sababu nimeitengeneza mimi mwenyewe na wenzangu: tulifanya bonanza, zawadi ya mchezaji bora ilikuwa viatu. Waamuzi wakampa winga aliyefunga trai nyingi. Wiki iliyofuata watu wangu wote wa mbele hawakuja mazoezini. Nikawakuta feri wananunua pweza wa kwenda kuuza. Nikauliza vipi, wakanijibu, "Mwalimu, viatu ni vya wanaokimbia, sisi tunasukuma pekupeku."

Korosho Ghafi

Hahahaha hao vijana wana akili kuliko jopo la World Rugby.

Mwana Mikindani

Mwalimu, umeniletea ushahidi ambao sikuwa nao. Ndiyo hasara ya kugawa tuzo kwa macho: haiishii kwa Nché, inashuka mpaka kwa kijana wa Chikongola anayekataa nafasi aliyozaliwa nayo. Zimbabwe hapa jirani wamefuzu Kombe la Dunia 2027 Australia, wameifunga Namibia 30-28 kule Kampala 2025, mara ya kwanza kufuzu tangu 1991. Ile ndiyo nchi aliyotoka Mtawarira. Mapropu wako huku kwetu, wako ghalani.

Bibo Kavu

Subirini, msinifanye mimi adui wa mapropu. Mwalimu, mwache kijana acheze namba 8. Kwenye raga ya kugusa hakuna skramu, sasa upropu wake unauona wapi? Utamweka namba 3 asimame tu? Mtu acheze pale anapofurahi, akipata uwanja wa nyasi mtamhamisha. Du Toit alihamishwa akiwa mtu mzima, Siya Kolisi, flanka, naye walimjaribu namba 8 mwaka 2025. André Esterhuizen ni namba 12, wamemgeuza aingie kama flanka. Kuhama kunawezekana.

Baharia wa Kilwa

Bibo leo kaongea. Kuhama kutoka mbele kwenda nyuma ni rahisi, Mwalimu. Kutoka nyuma kwenda mbele ndiko kuna hatari. Mtu wa nyuma ukimwingiza safu ya mbele bila kufundishwa, hata refa atakataa, atasema skramu isisukumwe. Kwa hiyo mfundishe upropu sasa hivi kwa mkao, mechini mpe namba 8. Anapata vyote.

Mzee wa Nachingwea

Nakubaliana na Baharia. Na zawadi ya bonanza lijalo, Mwalimu, msiwape waamuzi kura. Wape safu ya mbele ya wapinzani. Waulize, "Nani leo mlichoka kumwona?" Propu anamjua propu. Namba 3 aliyesukumwa siku nzima hawezi kukudanganya nani alimsukuma.

Dada wa Ligula

Mzee hiyo nimeipenda. Lakini na wasichana wapige zao, wasiingizwe kwenye kura ya kaka zao. Tupo tunaocheza pale Shangani na hakuna aliyetutaja mpaka nije kuandika humu.

Mwalimu wa Shangani

Dada, mmo kwenye orodha, viatu pea mbili safari hii. Bonanza ni Jumamosi, saa kumi jioni maji yatakuwa yamepwa. Kura watapiga wapinzani kama Mzee alivyosema, mafowadi kwa mafowadi. Bibo Kavu nakuomba uje kuwa mwamuzi wa pembeni, kwa kuwa unajifanya unajua mawinga.

Msomi wa Newala

Kutoka Newala nitafika na vumbi lote la barabara. Nibakishieni pweza.

Korosho Ghafi

Na mimi nagombea namba 3. Nina kilo zinazohitajika, Nché mwenyewe alishasema saladi hazishindi skramu.

Mwana Mikindani

Wewe kilo zako zote ziko tumboni, skramu inataka za shingoni. Njoo ushike chupa za maji.

Bibo Kavu

Nitakuja kushika kibendera. Lakini Bielle-Biarrey alidhulumiwa, na nitakuja kulisema hilo mbele ya mapropu wenu wote.